Tumba la Pili

Kichwa cha Mungo Leitch kilikuwa kimepasuka upande mmoja, lakini bilauri iliyokutwa katika mfuko wa ndani wa koti lake haikuwa na hata mkwaruzo. Hercules Rait alikuwa akiligeuza jambo hilo kichwani tangu Jumatatu, na Jumatano hii, alipokuwa akishuka farasi mbele ya nyumba ya Auchtermair, bado hakuwa amelipatia jibu. Mtu huangukaje juu ya mawe ya mto Esk, akafa, na kioo chembamba kama ganda la yai kikabaki kizima kifuani pake?

Kapteni Pinnock, mkuu wa kambi ya askari, alikuwa na jibu lake tayari. Leitch, mchonga nakshi za vioo, alikuwa amewatengenezea waasi, wafuasi wa mfalme aliyefukuzwa nchini, bilauri zao za siri. Patrick Straton, bwana wa Auchtermair, aliyerudi kutoka uhamishoni mwezi uliopita, alikuwa amemwua ili kumfunga mdomo. Bilauri ile, yenye waridi na matumba mawili, ilikuwa moja ya seti ya nyumba yake, na marehemu alikuwa akiipeleka kambini iwe ushahidi. Hayo ndiyo maneno ya kapteni. Straton mwenyewe, gerezani Forfar, hakukana wala hakukiri. Kila alipoulizwa habari za bilauri alifumba mdomo kama chaza. Keshokutwa Ijumaa angefikishwa mbele ya majaji, na katika Februari hiyo ya mwaka 1749, wakati makaburi ya vita yalikuwa hayajaota majani ya kutosha, majaji hawakuhitaji kusukumwa sana ili kumnyonga mtu wa jina lake.

Rait alikuwa mpelelezi wa mahakama ya wilaya, na hakuwa mwasi wala rafiki wa waasi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, goti moja bovu, na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili. Aliipapasa bilauri iliyokuwa imeviringwa katika kitambaa cha sufu ndani ya koti lake, akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mjakazi mzee, Elspet Dorward, mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto.

“Farasi wako ana adabu,” alisema akichungulia nyuma yake. “Wale wa kapteni walipandishwa ngazi mpaka ukumbini.”

“Bibi yupo?”

“Ameenda wapi, na mwanawe mmemfunga? Pangusa viatu.”

Bi Euphemia Straton, mama wa mshtakiwa, alikuwa ameketi mezani peke yake, wima kama mshumaa, katika chumba kilichopekuliwa mara tatu. Mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa na kurudishwa ovyo. Mito ya viti ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi usiolingana nayo. Juu ya meza palikuwa na samaki wa kukaushwa kwa moshi, mkate mkavu wa oti, chupa ya divai, vikombe viwili vya bati, na bakuli la maji.

“Nakujua,” alisema kabla Rait hajajitambulisha. “Wewe ni mtoto wa Jonet, aliyekuwa akitufulia mashuka. Mama yako alikuwa hodari wa kutakasa. Nasikia wewe kazi yako ni kuchafua.”

“Nachafua waliokwisha kuchafuka, Bibi.”

“Keti. Hakuna anayehojiwa na mtu aliyesimama katika nyumba hii. Mwaka wa vita uliniandikia barua ya kututaka tule kiapo, ukaifunga kwa lakiri nyeusi ya msiba. Nilidhani amekufa mfalme. Sikulia. Baadaye nikaambiwa aliyekufa ni mkeo, na kwa hilo nilisikitika kweli.”

“Ahsante, Bibi.” Rait aliketi. “Nitakuuliza maswali machache.”

“Utakula kwanza.”

Walikula. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini na kuutikisa moshi wa mboji kavu, iliyowashwa badala ya kuni, ndani ya dohani. Rait aliangalia mikono ya mwenyeji wake kuliko uso wake. Uso wa mtu wa rika lile ulikuwa umefunzwa kunyamaza, lakini mikono haikupelekwa shule.

“Mungo Leitch alifika hapa lini kwa mara ya mwisho?”

“Jumamosi.”

“Kwa kazi gani?”

“Alikuja kuomba radhi.”

“Kwa kosa gani?”

Bi Euphemia aliukata mkate wake vipande viwili vilivyo sawa. “Muulize yeye.”

“Nina mashahidi watatu, Bibi, wauza ng'ombe, watu wasiojua hata kusema uongo. Wiki mbili zilizopita walimwona mwanao sokoni akimshika Leitch shingoni, akimwambia: ‘Nitakukata wewe kama ulivyokata!’ Alikata nini?”

“Vijana hupiga kelele.”

“Mwanao ana miaka arobaini na moja.”

“Mwanangu huyo,” alisema Bi Euphemia, “hukua polepole.”

Elspet, aliyekuwa akiingia kuchukua sahani, alikohoa kuficha kicheko. Rait hakucheka. Aliinua kikombe chake cha bati, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemaliza chakula katika nyumba ya watu wenye adabu, alisema:

“Kwa afya ya mfalme.”

“Mfalme,” aliitikia Bi Euphemia, akainua chake.

Mkono wake haukwenda moja kwa moja mdomoni. Ulipita kwanza upande wa kushoto, juu ya bakuli la maji, ukazunguka taratibu kama ndege anayevuka ziwa, ndipo ukapanda kwenye midomo. Alikunywa. Alipoweka kikombe mezani alikuta Rait ameacha kunywa.

Hata Elspet aliona. Alisimama na sahani mikononi.

“Bakuli hilo ni la nini, Bibi?”

“La kunawia vidole.”

“Kwa samaki mkavu na mkate mkavu?”

Kila mtu kati ya Forfar na bahari aliijua ishara ile. Mfalme aliyenyang'anywa kiti chake na mwingine aliishi ng'ambo ya maji, na waliompenda walikunywa kwa jina la mfalme mbele ya maofisa wa yule mwingine, bila kusema uongo hata kidogo, maadamu kikombe kimepitishwa juu ya maji. Bibi huyu alikuwa amekifanya kitendo hicho kwa miaka sitini. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

“Sikuja kwa ajili ya bakuli,” alisema Rait. “Nimeliona, na ninaweza kulisahau. Lakini mkono unaojua njia hiyo haukuizoea kwa kikombe cha bati. Ziko wapi bilauri?”

“Askari ishirini wamezitafuta.”

“Askari ishirini hawakula nawe chakula. Nisikilize, Bibi, nami sitarudia. Mwanao atanyongwa. Hasemi neno juu ya bilauri, kwa kuwa akisema zipo atakuwa amekutaja wewe unayezitunza. Kapteni amesema hii imetoka katika seti ya nyumba hii.” Alifungua kitambaa, akaisimamisha bilauri mezani, baina ya samaki na chupa. “Kama imetoka, seti yako ina pengo, na Patrick ni mwuaji. Kama seti yako ni kamili, kapteni amesema uongo chini ya kiapo. Sina njia nyingine ya kujua.”

“Na ukishazihesabu? Mwanangu ataponea kamba ya mwuaji, kisha mtamchukua kwa uasi?”

“Mimi nachunguza kifo cha Mungo Leitch. Sikutumwa kuchunguza kiu ya mtu.”

Bi Euphemia aliitazama bilauri ile kwa muda mrefu. Ilikuwa na shina refu lenye kiputo cha hewa katikati, mithili ya chozi, na juu ya tumbo lake palichongwa waridi lililofunguka, lenye petali sita, na matumba mawili yasiyofunguka, moja kila upande. Uso wake, ambao ulikuwa haujabadilika kwa jina la kamba, sasa ulibadilika. Ulikaribia kutabasamu.

“Elspet,” alisema, “lete unga.”

“Bibi!”

“Umesikia.”

Mjakazi alitoka akinung'unika, akarudi akivuta ndoo kubwa ya mbao iliyojaa unga wa oti, akaingiza mikono mpaka viwiko.

“Walidunga magodoro yote kwa singe,” alisema akivitoa vitu vyeupe kimoja kimoja na kuvifuta kwa aproni. “Wakakata mpaka tumbo la ng'ombe aliyetundikwa jikoni. Unga wakaupikia uji, wakala, wakashukuru.”

Bilauri sita zilipangwa mezani. Shina lilikuwa lile lile, chozi la hewa lile lile, waridi lile lile lenye petali sita. Seti ya nyumba kama hii huwa sita, na sita zilikuwapo. Rait alivuta pumzi, lakini hakuridhika. Jaji angesema zilikuwa saba.

“Usihesabu bilauri,” alisema Bi Euphemia. “Hesabu maua.”

Rait aliinua moja na kuielekeza dirishani. Waridi. Tumba la kulia. Upande wa kushoto palikuwa na kikonyo kilichoishia hewani. Alipitisha kidole gumba, akakuta bonde dogo laini, kama alama ya ndui iliyopona. Aliinua ya pili, ya tatu. Zote sita zilikuwa hivyo.

“Tumba la pili limesagwa,” alisema.

“Waridi ni mfalme wetu, baba. Matumba ni wanawe wawili. Hilo unalijua, hata kapteni wako analijua. Lakini mwana mdogo, mwaka juzi, alikwenda Roma akavaa kofia nyekundu ya ukadinali. Kadinali haoi, hazai, wala hatawali. Tulizika watu kumi na tisa wa bonde hili kwa ajili ya ua lile, bwana, naye akaenda kuvaa kofia.” Sauti yake haikupanda. “Nilimwita Leitch majira ya kuchipua. Nikamwambia amng'oe. Akaketi hapo ulipo na gurudumu lake siku mbili, akasaga matumba sita. Mwanangu alikuwa bado Rotterdam. Aliporudi na kuona, alitaka kumkata Leitch vidole. Kwake yeye mwana wa mfalme ni mwana wa mfalme, hata akivaa sufuria.”

“‘Nitakukata wewe kama ulivyokata,’” alisema Rait.

“Hakujua ni mimi niliyeagiza. Leitch hakunitaja, alivumilia kushikwa shingo sokoni badala ya kunitaja. Jumamosi nilimkalisha Patrick mbele yake, nikamweleza mwenyewe. Waliachana kwa kupeana mikono na kunywa. Na kabla ya kuondoka Leitch alisema jambo jingine. Kapteni alikuwa amemwita mara mbili kambini, akimtaka aape kwamba alimchongea Patrick bilauri za uasi mwaka huu huu, baada ya msamaha wa waasi. Leitch alikataa. Alisema, ‘Nimechonga uongo mwingi kwenye vioo, Bibi, lakini siwezi kuuchonga kwenye Biblia.’ Siku ya pili yake akawa mtoni.”

Rait aliandika maneno hayo katika daftari lake, akayasoma, akayasoma tena.

“Akiwa hai alikataa kuapa,” alisema. “Akiwa maiti, bilauri imeapa badala yake.”

Ndiyo maana haikuvunjika. Iliwekwa mfukoni baada ya mtu kwisha kuanguka. Aliyeiweka alijua kwamba wapenzi wa mfalme wa ng'ambo ya maji hunywa kwa waridi na matumba mawili, kwa maana hivyo ndivyo zilivyokuwa bilauri zote alizopata kuziona. Hakujua kwamba katika nyumba hii ajuza mmoja alikuwa amemfuta mwana wa mfalme kwa gurudumu la kusagia.

Lakini uthibitisho huo ulikuwa na ncha mbili. Ili kumwokoa Patrick Straton, ingebidi bilauri sita zisimame mbele ya majaji, na bibi huyu asimame kando yake aeleze ni nani aliyemng'oa nani, na kwa nini. Angetoka pale kwenda gerezani yeye. Bi Euphemia alikuwa amekwisha kuliona hilo. Alikuwa akikunja kitambaa chake cha mezani kama mtu anayefunga safari.

“Nitavaa la hariri nyeusi,” alimwambia Elspet. “Na viatu vya kanisani.”

“Subiri kwanza,” alisema Rait. “Leitch aliweka alama katika kazi zake?”

“Nukta tatu, chini ya kitako.”

Aliipindua bilauri moja ya nyumba. Nukta tatu, ndogo kama vichwa vya sindano. Ndipo akaipindua ile ya marehemu, aliyokuwa ameibeba siku tatu, akaitazama ua, shina na mdomo, asiitazame kitako. Nukta hazikuwapo. Katikati palikuwa na kovu lililoachwa na chuma cha fundi wa kioo, shimo dogo lenye kingo kali. Na ndani ya shimo hilo palikuwa na chembe nyeusi.

Aliichokoa kidogo kwa ncha ya kisu chake cha kalamu. Ilikuwa laini. Alishika kisu karibu na moto, akanusa.

“Ni nini?” aliuliza Bi Euphemia.

Rait aliijua harufu ile. Mei ya mwaka 1746, akiwa karani wa mahakama, alipelekwa katika nyumba ya Balfettie, iliyonyang'anywa kwa uasi, ili atie muhuri vitu vilivyochukuliwa. Palikuwa na bilauri nane. Alizipindua zote juu ya meza na kudondosha tone la lakiri chini ya kila kitako. Katika wilaya nzima, mwezi ule, palikuwa na mtu mmoja tu wa mahakama aliyetumia lakiri nyeusi, kwa kuwa alikuwa amemzika mkewe siku kumi na moja kabla.

“Lakiri,” alisema. “Yangu. Bilauri hii ilikuwa ya Balfettie. Niliitia muhuri kwa mkono wangu, ikapelekwa ghala la kambi, na ghala lile lina ufunguo mmoja.”

“Wa nani?”

“Kapteni Pinnock.”

Bi Euphemia alikifunua tena kile kitambaa cha mezani alichokuwa amekikunja. “Basi hariri nyeusi haitahitajika.”

“Haitahitajika, Bibi. Chembe hii inatosha, maadamu naiweka mbele ya hakimu wa Forfar kabla hajaigusa mtu mwingine. Zako hazina haja ya kuonekana na—”

“Farasi!” alisema Elspet dirishani. “Makoti mekundu ya askari. Watano, na yeye mbele.”

Hakuna aliyepiga kelele. Elspet alifagia bilauri tano ndani ya aproni, akaenda jikoni kwa hatua za kawaida, na Rait, akimfuata kwa macho kupitia mlango uliokuwa wazi, alimwona akizishusha moja moja ndani ya pipa la kuoshea vyombo. Maji yalizipokea. Kioo ndani ya maji hakikuonekana tena kuwa kioo, kilikuwa maji. Bilauri ya sita Rait alikuwa ameishika yeye. Aliitazama, akaitazama ile ya Balfettie. Kisha akaiviringa ya sita katika kitambaa cha sufu, na ya Balfettie akaitia ndani ya koti, upande wa moyo.

Kapteni Pinnock aliingia bila kubisha hodi, mtu mrefu mwenye sauti tamu, akachapa matope ya buti zake kwa fimbo.

“Mzee Rait! Nilikuta farasi wako nje nikafurahi. Bi mkubwa, shikamoo. Mmekula bila mimi.”

“Tulikula bila kukuwaza, Kapteni,” alisema Bi Euphemia. “Ndiyo maana kilishuka vizuri.”

Kapteni alicheka. Macho yake yalipita juu ya meza, yakakaa kidogo juu ya ndoo ya unga, yakahama.

“Nimekuja kukupunguzia mzigo, Mzee Rait. Ushahidi wa kesi ya damu kutembezwa mfukoni wakati wa barafu! Ukiteleza? Nipe ile bilauri. Nitaifikisha Forfar chini ya ulinzi.”

“Niliahidi kuileta mwenyewe.”

“Nami nina amri.” Akatoa karatasi. Rait aliisoma mara mbili. Ilikuwa amri, na saini ilikuwa ya kapteni mwenyewe.

“Mikono yangu imejaa tope,” alisema kapteni, akaelekea jikoni, akakunja mkono wa koti juu ya pipa la vyombo.

“Hayo nimesafishia matumbo ya samaki, Kapteni,” alisema Elspet bila kugeuka. “Lakini kama umezoea, karibu.”

Mkono ulisimama kiganja kimoja juu ya maji. Ukarudi. Kapteni alijipangusa kwa leso yake mwenyewe na kurejea mezani.

“Bilauri,” alisema. Sauti haikuwa tamu tena.

Rait aliweka kitambaa mbele yake. Kapteni alikifungua. Hakutazama waridi. Hakuielekeza bilauri dirishani, wala hakuhesabu petali wala matumba. Aliipindua kichwa chini, akaweka ukucha wa kidole gumba katikati ya kitako, akausugua mara moja, mara mbili, ndani ya kovu lake. Hakukuta kitu. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

“Salama,” alisema.

“Salama,” alisema Rait.

Kapteni alipotoka, mlango haukufungwa vizuri, na baridi ikaingia ikakaa miguuni mwao. Bi Euphemia ndiye aliyesema kwanza.

“Hakutazama ua.”

“Hakuwa akitafuta ua.”

“Na bilauri yangu?”

“Haiwezi kukudhuru. Akiionyesha, itambidi aeleze ile ya matumba mawili aliyoiapia imekwenda wapi. Maelezo yake ya kiapo ninayo, kwa mwandiko wake.”

Rait alikwenda dirishani. Wapanda farasi sita walikuwa wakishuka njia ya miti, kapteni mbele. Jua la Februari, ambalo siku nzima halikuwa limeonekana, lilitoboa wingu juu ya vilima na kuipaka barafu rangi ya shaba. Kapteni alifika kwenye lango. Hapo alisimamisha farasi. Alitoa kitambaa, akakifungua, akainua bilauri juu kabisa, kwenye mwanga, kama mtu anayekunywa kwa afya ya mwenzake.

Alikaa hivyo kwa muda. Kisha farasi akageuzwa.

“Amehesabu,” alisema Rait.

Bi Euphemia alikuwa amekwisha kusimama. “Mwache farasi wako pale pale mlangoni, adhani umo ndani. Pita jikoni, ushuke mpaka mtoni penye mawe ya kuvukia. Barafu imevunjika tangu asubuhi. Farasi hawawezi kupita, na daraja liko maili tatu. Ng'ambo kuna kinu. Mwambie mwenye kinu nimesema akupe farasi wa kijivu.”

“Na wewe, Bibi?”

“Mimi nitamkaribisha kapteni chakula. Hakupata adabu kwao, lakini kiti hatakikataa.” Alimgeukia mjakazi. “Zitoe majini, Elspet. Uziweke hapa mbele yangu, na nyundo ya kuvunjia sukari.” Kisha kwa Rait: “Ukisikia vioo vinavunjika, usigeuke nyuma. Vitakuwa vyangu, nami ndiye nitakayekuwa nikivunja. Nilimng'oa mmoja, naweza kumng'oa na mwenzake. Nenda, mtoto wa Jonet. Keshokutwa nataka mwanangu mezani.”

Alikwenda. Goti bovu lilimchelewesha kwenye mteremko, na alipofika mtoni alisikia kwato juu ya mawe ya uani, kisha mlango, kisha sauti ya mwanamume ikiuliza jambo kwa ukali. Esk ulikuwa umejaa. Mapande ya barafu yalipita yakigongana, na mawe ya kuvukia yalionyesha migongo tu. Alikanyaga la kwanza. Kwenye la tatu maji yalimpanda magotini, naye akaitoa bilauri kifuani na kuinyanyua kwa mkono mmoja, juu ya mkondo, isiguswe na tone. Aliivusha hivyo jiwe kwa jiwe, mtumishi wa mfalme wa nchi kavu, aliyekuwa hajapata kuipitisha bilauri juu ya maji maisha yake yote.

Nyuma yake kioo kilivunjika. Hakugeuka. Cha pili, cha tatu, vikifuatana taratibu kama hatua za mtu asiye na haraka. Cha nne. Cha tano.

Alikuwa amekanyaga ukingo wa ng'ambo alipousikia mlio wa sita. Haukuwa wa kioo, ulikuwa wa bastola.

Rait alibaki ameinama, bilauri mkononi, chembe nyeusi ikiwa salama katika kovu lake. Mwanzo wa njia ya kinu ulikuwa hatua hamsini mbele yake. Huko juu, mlango wa jikoni ulifunguliwa kwa kishindo, na Elspet Dorward akatokea peke yake, aproni yake nyeupe kwa unga kutoka kifuani mpaka magotini na nyekundu ubavuni kwa damu isiyo yake. Hakupiga yowe. Aliinua mkono mmoja, kiganja wazi, akamwashiria: nenda.

Alikwenda.